Nani Alikunyoa?

Ukitaka kujua jinsi watu wanavyoweza kumchukia mtu bila kumuuliza swali hata moja, nenda mtaa uitwao Tena uulizie msusi aitwaye Khalayi. Utaelekezwa kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa ploti, jengo la vyumba vya kupanga, na kabla hujafika utakuwa umeshapewa habari zake zote, isipokuwa zile za kweli.

Ni mwanamke wa Bungoma, mrefu, mwenye meno makubwa ya mbele na mwanya katikati, na vidole vinavyokijua kichwa cha mtoto kuliko mama mzazi anavyokijua. Watu wazima pia huwasuka, lakini jina lake lilijengwa na watoto. Kumsuka mtoto ni vita, muulize msusi yeyote. Ngozi inauma, makalio yamekufa ganzi, jua limepamba moto, na tuta la tatu la nywele halijafika kisogoni mtoto ameshaanza kujinyonganyonga. Wasusi wengine humtuliza kwa kumgonga na chanuo. Khalayi humtuliza kwa hadithi. Mtoto huketi kwenye kigoda, kichwa katikati ya magoti yake, na hadithi huanza na tuta la kwanza. Mtoto akitikisika, hadithi hukatika. Hukatika popote, hata pale zimwi limeshainua shoka, na Khalayi huendelea kusuka kimya kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka mtoto aombe msamaha. Ndiyo maana Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, benchi lake lilikuwa likijaa watoto wa kusukwa na wengine waliokuja kusikiliza tu.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Nabwire. Nabwire alifiwa na mama yake, akaachwa na baba mpole asiye na kauli, na baba akaoa mke mwingine. Huyo mke hakuwa na jina. Aliitwa mama wa kambo, basi, na hilo lilitosha. Meno yake yalitangulia uso. Alikula minofu akamwachia Nabwire mifupa. Alimtuma kisimani na ungo badala ya mtungi. Na kwa kuwa Nabwire alikuwa na nywele nyingi zilizosifiwa na kijiji kizima, mama wa kambo alimnyoa akiwa usingizini, akazisokota zile nywele kuwa kamba, akamfungia ng'ombe wake. Lakini kila ng'ombe alipovutwa, kamba iliimba:

Nivute taratibu, mimi si katani,
Mimi ni nywele za Nabwire;
Aliyeninyoa yumo ndani,
Anakula nyama, nalia mie.

Wazee waliisikia ile kamba. Wakamwita Nabwire uwanjani, wakamuuliza, "Nani alikunyoa?" Nabwire hakusema neno, aliinua kidole tu. Hapo watoto wote, wa kwenye kigoda na wa kwenye benchi, walipaza sauti pamoja, "Atupwe nje!" Mama wa kambo akatupwa nje ya kijiji, vyungu vyake vikamfuata, na hadithi ikaishia hapo.

Khalayi aliipata kwa bibi yake mzaa mama, na aliisimulia kwa moyo wote. Alitoa meno yake nje, akatoa macho, akaparuza sauti mpaka watoto wakafichana nyuma ya migongo. Hakuwahi kujiuliza yule mwanamke aliitwa nani. Nani hujiuliza? Hata vitabu vya shule vimejaa watu wa namna hiyo. Kizee mwenye kibiongo ni mchawi, mwenye jicho moja ni zimwi, mgumba ni mwizi wa watoto, na mama wa kambo ni sumu tupu. Mtoto hujifunza kusoma na kuchukia kwa herufi zilezile, halafu tunampigia makofi.

Irungu aliingia katika maisha yake na kichwa cha mtoto. Ni fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo, mtu mpole, mjane. Mkewe Nyawira alipofariki alimwachia binti mmoja, Kui, na nywele za Kui, nyeusi, nzito, zilizoota kama zimewekewa mbolea. Nyawira alikuwa na nywele hizohizo, na watu wa kwao walizitaja kama watu wengine wanavyotaja shamba la ukoo. Irungu alijaribu kuzichana mwenyewe kwa kitana chake cha ndevu. Siku alipomleta kibandani, kichwa cha mtoto kilikuwa kimefungamana kama kiota, na baba alikuwa karibu kulia kuliko binti.

Khalayi alizifumua nywele zile pole kwa pole, na hadithi ya Nabwire ikaisha mara mbili kabla hajaanza kusuka. Kuanzia siku ile Kui aliijua kuliko mtoto yeyote. Khalayi akiruka kisa cha ungo, Kui alimrudisha kwenye ungo. Akiusahau mstari wa wimbo, Kui alimdokezea. Irungu naye alikaa kwenye benchi katikati ya watoto, mikono magotini, akisikiliza. Mwishowe akaanza kuja hata Jumamosi ambazo Kui hakuhitaji kusukwa, na mtaa ukaelewa kabla wao wenyewe hawajaelewa. Alikwenda Bungoma akaonana na wazee wa Khalayi, wakaelewana. Watu walimpongeza. Wote walikuwa marafiki wa Khalayi mpaka siku alipohamisha godoro lake kwenda kwa Irungu.

Jioni ile ya kwanza alipika kuku, akamwekea Kui paja. Kui alilitazama lile paja kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Khalayi, akauliza kwa adabu kabisa, "Anti, utaninyoa lini?"

Irungu alicheka. Khalayi hakucheka, kwa sababu aliona kwamba mtoto hatanii.

"Kui, mimi si ni Anti wako yule yule wa kibandani?"

"Najua," alisema Kui. "Lakini sasa wewe ni mama wa kambo."

Khalayi aliweka kijiko chini. "Sikia. Wembe wangu hautagusa hizo nywele hata siku moja. Umenisikia? Mbele ya baba yako nimesema."

Kui alikula wali, akaacha paja. Na Khalayi alilala akiliwaza swali la Kui. Maneno yale ni yake. Alikuwa ameyatia yeye mwenyewe katika kichwa kile, tuta baada ya tuta.

Alidhani ataitengeneza hadithi. Ni yake, si ya mwingine. Jumamosi iliyofuata, Vivian, binti wa jirani yao Mutheu, aliketi kwenye kigoda akaitisha ya Nabwire, na Khalayi akaanza. Baba akaoa mke mwingine. Yule mke aliitwa Nasambu. Alikuwa mwanamke mwema, akampikia Nabwire kuku.

"Alipika kuku akakula yeye," alisema Vivian.

"Hapana, walikula pamoja."

Benchi lilinung'unika. "Anti, si hivyo. Umeruka."

"Mimi ndiye mwenye hadithi."

"Sasa ubaya uko wapi?" aliuliza mtoto mwingine. "Hiyo si story. Turudishie ile yetu."

Watoto ni wakali kwa mambo ya hadithi kuliko mahakimu. Ukibadilisha kikombe kuwa bakuli watakushtaki. Walikataa kuimba, wakakataa kunyamaza, na Vivian alijinyonganyonga mpaka matuta yakaenda upande. Mutheu alikuja kumchukua binti yake, akasikiliza kidogo, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mama Kui mpya," alisema, "kumbe hadithi hubadilika mwenyewe akiguswa."

Khalayi alitamani kumjibu, lakini Mutheu alikuwa amesema kweli, na hakuna kinachokera kama ukweli kutoka kwa mtu asiyekupenda. Alifumua matuta ya Vivian akaanza upya.

Kwa miezi mingi hawakuwa na ugomvi nyumbani, ila hawakuwa na mapenzi pia. Kui alimsalimia, akafanya kazi yake ya shule, akakubali kusukwa. Nyama hakuila mpaka amemwona Khalayi ameila kwanza. Siku moja alileta kitabu cha hadithi kutoka shuleni, kina picha ya mama wa kambo, jino moja limevuka mdomo wa chini, na mkononi ana mwiko kama rungu. Kui alikifungua mezani, akaitazama picha, akamtazama Khalayi aliyekuwa akisonga ugali, akaitazama picha tena. Akafunga kitabu. Khalayi aliumia, nisikudanganye. Alikwenda bafuni akajitazama meno yake kwenye kioo, mwanamke mzima.

Halafu choa likaingia darasani mwa Kui, lile ambalo watoto huliita mashilingi kwa sababu ya mviringo wake. Lilianza nyuma ya sikio, likapanda utosini. Khalayi alipofumua nywele akakuta duara jeupe, nywele zimekatika kama zimetafunwa, alijua papo hapo. Alimpeleka zahanati. Daktari alitoa vidonge na dawa ya kupaka, akasema dawa haitafika kwenye ngozi msitu ule ukiwa juu yake. Zinyolewe zote, na upesi.

Irungu alikuwa na zamu ya usiku, akirudi analala. Khalayi alimweleza akiwa kitandani. "Wewe ndiye unajua nywele," alisema Irungu, akageukia ukutani.

Basi Jumapili baada ya kanisa Khalayi aliazima mashine kwa kinyozi, akaweka kigoda uani, akamwita Kui. Alimweleza habari ya daktari. Akamwambia, "Nilikuahidi, najua. Nakuomba msamaha kabla sijaanza."

"Nilijua utaninyoa," alisema Kui, akaketi.

Hakulia. Hakutikisika. Wala hakuomba hadithi. Nywele za Nyawira zilianguka mabegani kwa mtoto, zikaanguka chini, na Khalayi, ambaye amekamata vichwa vya mtaa mzima, alisogeza mashine polepole kama mwanagenzi. Alipomaliza, kichwa kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Alikipaka dawa, akakifunga leso safi.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo msusi wa kwao tu angeweza kulifanya. Kwa watu wa Khalayi nywele za mtu haziachwi ovyo. Bibi yake alimfundisha kwamba ukimnyoa mtoto, nywele zake unazichoma au unazizika, zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Kibandani hufanya hivyo kila jioni kwa nywele za wateja, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Siku ile hakutaka kuchoma, kwa sababu harufu ya nywele kuungua ingewatoa majirani wote nje. Kwa hiyo alichukua jembe, akaenda kwenye kile kipande cha ardhi kando ya ukuta anapopanda sukuma wiki, akachimba, akazifukia. Alifanya vile kwa heshima, ya mtoto na ya marehemu. Alipoinua uso, alimwona Mutheu amesimama dirishani juu, pazia mkononi.

Kesho yake mtaa wote wa Tena ulikuwa umeamka na habari moja. Mama wa kambo amemnyoa mtoto, amezika nywele. Mutheu aliapa. "Haki nimeona na macho yangu. Anachimba, anaangalia huku na huku." Wengine waliongeza kwamba alikuwa akinong'ona. Wengine wakasema hajapata mimba tangu aende kwa Irungu, ndiyo maana anamwonea mtoto wivu. Mwanamke aliyewalea watoto wao kwa magoti yake Jumamosi baada ya Jumamosi akawa hajulikani. Benchi likakauka. Mama mmoja alimjia kibandani, hakumsalimia, akachukua rasta, zile nywele za bandia alizokuwa ameziacha pale, akaenda nazo kwa msusi mwingine. Na Khalayi alipopita na mfuko wake wa sokoni, watoto waliokuwa wakicheza bano waliacha gololi zao wakaimba:

Aliyeninyoa yumo ndani,
Anakula nyama, nalia mie.

Waliimba vizuri. Aliwafundisha mwenyewe.

Mirriam alikuja katikati ya juma. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu Nyawira, anauza nguo za watoto katika mtaa wa Umoja, mama wa Kim na wasichana wawili. Alikuja na kaka zake wawili, wanaume wazito wasiosema mengi, wakajaza sofa ya Irungu. Chai iliwekwa, hakuna aliyeigusa.

"Baba Kui, hatukuja kugombana," alisema Mirriam, kwa sauti ya mtu aliyekuja kugombana. "Nyawira alituachia mtoto na nywele zake. Leo tunamkuta kama amefiwa tena. Na nywele zenyewe zimezikwa kwa mboga ambayo mtoto huyuhuyu analishwa."

"Mama Kim, mtoto ana choa," alisema Khalayi. "Daktari ndiye—"

"Sijaongea na wewe."

"Dawa ndizo hizi."

"Na hilo choa amelitoa wapi, kama si kwa machanuo yako ya kuchana kila kichwa?" Sasa alimgeukia. "Halafu uniambie. Uchafu hutupwa kwa pipa. Huko kwenu nywele ya mtoto wa mwenyewe huzikwa kwa nini?"

"Huko kwetu haziachwi ovyo," alisema Khalayi, "watu wabaya wasizichukue."

Neno lilipomtoka alilisikia kwa masikio yao. Kaka mmoja alikohoa. Mirriam alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeletewa alichokuwa akikitafuta.

"Kui, mami, njoo hapa. Usiogope mtu yeyote. Nani alikunyoa?"

Mirriam hakujua kwamba anayasema maneno ya wazee wa kijiji cha Nabwire. Khalayi alijua. Alimtazama mtoto akisimama katikati ya chumba, leso kichwani, akakingoja kidole, kwa sababu mtoto yule hakuwahi kukosea hata mstari mmoja. Kui aliinua kidole. Hakukitetemesha. Kilimwelekea Khalayi sawasawa. Na dirishani, ambako watoto wa ploti walikuwa wamejibana kuchungulia, sauti moja nyembamba ikasema, "Atupwe nje!"

Watoto walicheka wakakimbia. Sebuleni hakuna aliyecheka.

"Si umeona?" alisema Mirriam. "Mtoto hadanganyi."

Khalayi alimtazama mumewe. Irungu alikuwa akitazama mikono yake, ile yenye alama za cheche. "Labda aende Umoja kidogo," alisema, "mambo yapoe."

Mambo yapoe. Khalayi alitia nguo za Kui kwenye begi, akaweka vidonge na dawa ya kupaka juu yake, akaeleza jinsi ya kuzitumia, na kwamba wasitumie taulo moja wala kitana kimoja na watoto wengine. Mirriam alizitoa dawa begini kwa ncha za vidole akaziacha mezani karibu na chai iliyopoa. "Dawa zako tunazijua," alisema. Kui aliondoka ameshikwa mkono. Mlangoni aligeuka, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, lakini mlango ukafungwa.

Usiku Irungu alijaribu kumgusa bega. "Wewe ungependa nifanye nini? Ni shemeji zangu."

"Katika hadithi yangu kulikuwa na baba," alisema Khalayi. "Unakumbuka alifanya nini?"

Irungu alifikiri. "Sikumbuki."

"Hakuna anayekumbuka. Na hakuna aliyewahi kumtupa nje."

Siku zilienda. Khalayi alikaa kibandani na benchi tupu, akisuka kichwa kimoja kimoja cha wapita njia wasiojua habari zake. Hadithi hakusimulia tena. Zile dawa alizihifadhi kwenye rafu nyuma ya mafuta ya nywele, sijui kwa nini, labda kwa ukaidi tu. Wa kwanza kurudi alikuwa Mutheu, na hakurudi kwa mapenzi. Msusi mwingine alikuwa amemvuta Vivian nywele mpaka paji la uso likavimba. Alimsukumia mtoto kwenye kigoda, akaketi benchini, na kwa kuwa hawezi kukaa kimya, akaanza kuleta habari za Umoja.

"Kumbe wale watoto wa Mama Kim wote wamepata mashilingi. Lakini yule mama ni msafi, lazima useme ukweli. Amewanyoa wote siku moja, vichwa vinang'aa."

Vidole vya Khalayi vilisimama. "Nywele amezipeleka wapi?"

"Nitajuaje? Si watoto ni wake."

"Hukumchungulia?"

Mutheu alijifanya hakusikia. Na Khalayi alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye meno. Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Wembe ni uleule, kichwa ni kilekile, ugonjwa ni uleule, lakini mmoja akinyoa anaitwa msafi na mwingine mchawi. Aliubana mkia wa tuta kwa nguvu zaidi ya kawaida, na Vivian akasema, "Anti, unaumiza." Akamwomba radhi, kwa sababu Vivian hakuwa na kosa lolote.

Alikuwa hajamaliza kichwa hicho alipomwona Mirriam mwenyewe akija, kitambaa kimemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake watoto wanne wenye kofia. Wa mwisho alikuwa Kui. Amekonda kidogo. Mirriam alisimama nje ya kibanda, asiingie, kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa choo cha watu.

"Ile dawa," alisema. "Iliitwaje? Nimenunua nyingine mara mbili, haisaidii."

"Habari ya asubuhi, Mama Kim."

"Nzuri. Iliitwaje?"

Watoto wa ploti walikuwa wameshajikusanya. Kofia nne pamoja ni kitu cha kutazamwa. Mmoja alimvua Kim kofia akakimbia nayo, kichwa kikaonekana, na wakaanza ule wimbo, wakimzunguka Kui na kumwelekezea Khalayi vidole. Nivute taratibu, mimi si katani. Vivian, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya Khalayi, naye alianza kuuimba, kisha akakumbuka alipoketi akaacha.

Kui alivua kofia yake mwenyewe. Kichwani mwake nywele zilikuwa zimeanza kuota mahali pengine, pengine duara lilikuwa bado jeupe.

"Hamjui kuimba," aliwaambia. "Na hamjui hiyo story."

"Tunaijua. Mama wa kambo alimnyoa Nabwire juu ya wivu."

"Alimnyoa juu alikuwa na choa."

"Hakuna choa kwa Nabwire," alisema Vivian kutoka kwenye kigoda, ambaye hawezi kuvumilia hadithi ikiharibiwa.

"Mimi ndio nilinyolewa," alisema Kui. "Wewe ulikuwa wapi?"

Kui alisogea mpaka mbele ya kibanda, akasimama vile Khalayi husimama hadithi ikifika kwa wazee, mkono kiunoni.

"Wazee wakamuuliza, nani alikunyoa? Akaonyesha kidole, juu ilikuwa kweli. Hawakumuuliza kwa nini. Walimuuliza hiyo moja tu, halafu wakaenda."

"Halafu mama wa kambo akatupwa nje," alisema aliyekuwa na kofia ya Kim.

"Hapana," alisema Kui. "Alitupwa Nabwire."

Hakuna aliyepaza sauti. Watoto walitazamana, wakimngoja mmoja wao aseme si hivyo, na hakuna aliyesema. Mutheu aliona jambo la kutazama upande wa pili wa barabara. Mirriam alirekebisha kitambaa chake, ingawa hakikuwa kimelegea, na Khalayi aliona ukingoni mwake, karibu na sikio, duara dogo jekundu.

Aliinua mkono rafuni, akatoa dawa nyuma ya mafuta. Hakutabasamu, wala hakumkaribisha kuketi. Aliiweka mkononi mwa Mirriam.

"Unapaka asubuhi na jioni, na vidonge wapewe baada ya chakula," alisema. "Wewe pia. Na kila mtu awe na taulo lake, kama nilivyokwambia siku ile."

Mirriam aliifunga dawa kiganjani. Alikuwa akiitafuta njia ya kuondoka bila kusema asante.

"Mama Kim," alisema Khalayi. "Begi la mtoto liko wapi?"

"Liko Umoja."

"Basi ulilete. Sisi tuko hapa."

Kui alikuwa ameshaketi chini, mgongo ukiegemea mguu wa Khalayi, akimtazama Vivian akimaliziwa kichwa.